Mwalimu Aliyeleta Soko la Kimya Kiplombe

Mtakaosoma haya, nawaomba radhi mapema. Mkono wangu ni mzito, na herufi zangu zinalala upande mmoja kama nyasi iliyokanyagwa na ng'ombe. Mkikuta kosa, lirekebisheni kimoyomoyo muendelee. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo mstari ulionyooka najua kuushona kuliko kuuandika. Tena mimi si mtu wa maneno. Mgeni akija nyumbani, mimi ndiye yule anayekimbilia jikoni kuosha vikombe ambavyo havijachafuka. Lakini kuna mtu mmoja naweza kumwandika, kwa sababu yeye mwenyewe aliongea vya kututosha sisi wawili.

Tulimwita Mwalimu tu. Shule yetu, upande wa Kiplombe, ilikuwa na walimu wengine, lakini hao uliwataja na masomo yao: mwalimu wa hesabu, mwalimu wa Kiingereza. Ukisema Mwalimu peke yake, kila mtu alijua ni yule mrefu wa historia, mwenye koti la kahawia na mwavuli mweusi.

Mwavuli huo ulishangaza watu. Mvua ikinyesha aliufunga akauweka kwapani, akatembea amelowa bila haraka. Jua likitoka, hata lile dogo la Julai ambalo watu wa Eldoret huwa wanalikimbilia kuota, aliufungua. Mama mmoja akamuuliza barabarani, "Mwalimu, huo mwavuli wako umesoma kalenda gani?" Akajibu, "Mama, mvua ni ndugu yangu. Jua ndilo sijazoeana nalo." Alisema akipigwa na joto kidogo tu kichwa kinamuuma mpaka kwenye meno.

Sasa hebu fikirieni: mtu huyo ndiye aliyependa jangwa kuliko kitu chochote duniani. Kwenye silabasi palikuwa na himaya ya zamani ya Ghana, ile iliyokuwa Afrika Magharibi kabla hata babu wa mkoloni hajazaliwa. Walimu wengine waliimaliza kwa vipindi viwili: mfalme, dhahabu, kuanguka, funga daftari. Mwalimu alikaa nayo karibu muhula mzima. Na wafalme hakuwataka.

"Wafalme mtawakuta kwenye mtihani," alisema, akitembea kati ya madawati. "Mimi niambieni mtu wa kawaida. Aliamka, halafu? Alinawa na nini? Mtama alisaga nani? Mtoto akilia, alibembelezwa vipi?"

Sisi tulikuwa tunamwangalia tu. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza jambo ambalo yeye pia halijui.

Mwalimu Mkuu hakupenda. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kuogopa barua zenye muhuri. Siku moja alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, mtihani hauulizi ngamia alikula nini."

"Mtihani hauulizi vitu vingi, Mkuu. Hauulizi hata kama mtoto ameshiba."

Mwalimu Mkuu aliondoka. Alikuwa na desturi ya kuondoka.

Vitu ambavyo Mwalimu alivifundisha havikukaa ubaoni. Tulipofika kwenye nyumba za udongo, alitutoa nje tukakanyaga matope na nyasi kavu, tukajenga ukuta wa nyumba ya Ghana nyuma ya choo cha wavulana. Ulisimama vizuri sana mpaka Jumapili. Jumatatu tulikuta uji wa matope. Tulidhani atakasirika. Akauangalia kwa furaha kama mtu aliyeletewa barua. "Mmeona? Sasa andikeni: kule mvua ilikuwa kidogo."

Tulipofika kwenye ngamia, aliazima punda wa mtu aliyekuwa anauza maji, akamfunga blanketi mgongoni liwe nundu. Punda alilala chini akakataa kuamka mpaka mwenye punda alipoitwa. Tulipofika kwenye jumba la mfalme, Mwalimu alitaja jambo moja tu: kwamba mbwa wa mfalme walivaa kola za dhahabu. Kiprono, aliyekuwa anakaa mbele yangu, akainua mkono. "Mwalimu, na hao mbwa walikuwa wanabweka?" Mwalimu akafikiri mpaka kengele ikalia. Kesho yake alikuja na jibu: "Nimefikiria usiku. Mbwa akishavaa dhahabu, anabweka kwa niaba ya dhahabu." Hatukuelewa, lakini tulicheka kwa sababu yeye alikuwa amecheka.

Mimi alinifahamu mapema kwamba siongei. Hakunilazimisha. Wengine walipewa kazi za himaya kwa jina: huyu mfua chuma, yule mvuvi wa mtoni, yule msusi. Mimi alinipa bati lililotoboka na kijiti. "Wewe utapiga hili. Ukilipiga, soko limefunguka." Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kupewa, na cherehani naihesabu.

Soko lenyewe ndilo lililoleta maneno yote, ingawa lilikuwa soko la kimya. Mwalimu alitueleza kwamba zamani zile watu wa chumvi walitoka jangwani, na watu wa dhahabu walitoka msituni, na lugha zao hazikujuana. Basi watu wa chumvi waliweka chumvi yao mahali, wakapiga ngoma, wakaenda kujificha mbali. Watu wa dhahabu wakaja, wakaweka kando yake dhahabu wanayoona inatosha, nao wakajificha. Wa chumvi wakirudi wakaridhika, wanachukua dhahabu na kwenda zao. Wasiporidhika, wanaacha kila kitu na kujificha tena, mpaka wenzao waongeze. Hakuna kusema. Hakuna kuchungulia. Hakuna kuiba, kwa sababu ukiiba mara moja kesho hakuna soko.

Tulilifanya wakati wa chakula cha mchana, kwenye seng'enge ya shule. Upande mmoja walikaa watoto wa wenyeji, waliobeba maziwa ya kibuyu, mursik, yenye majivu na harufu yake nzuri. Upande wa pili tulikaa sisi ambao wazazi wetu walitoka Mkoa wa Kati kununua mashamba, tuliobeba githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na viazi vitamu. Nilipiga bati. Kiprono aliacha chupa ya mursik. Mwenzetu mmoja akaenda akaweka kiazi kimoja chembamba kama kidole. Kiprono alirudi, akakiangalia, akarudi kujificha kwenye mahindi. Tukaongeza kiazi. Akaja, akatikisa kichwa, akaenda. Tukaongeza githeri. Mara hii alivibeba vyote akakimbia. Alikuwa na njaa, na hakungoja hata kufika mafichoni kabla ya kuanza kula.

Darasa letu lilishiba wiki ile kuliko wiki zote. Hata maziwa ya shule, yale ya pakiti ya pembe tatu, yalianza kubadilishwa kwa miwa.

Sasa nieleze habari ya mama yangu. Shamba letu lilipakana na la Mama Jebet. Walikuwa marafiki mpaka ng'ombe wa Mama Jebet alipoingia kwenye kabichi zetu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kanisani walikaa pande mbili, na wakati wa kupeana amani ya Bwana kila mmoja alimpa mkono mtu wa nyuma. Shida ni kwamba sisi tulihitaji maziwa, na wao walihitaji mboga, na mwingine wa karibu hakuwepo.

Nilimweleza mama habari ya soko la kimya nikiwa namenya viazi. Aliendelea kuchagua maharagwe. Lakini asubuhi iliyofuata nilimwona anachukua kabichi mbili, anaziweka chini ya nguzo ya ua, anagonga kifuniko cha sufuria, anaingia ndani na kufunga mlango. Baada ya muda tukasikia ng'ombe wa jirani wanafukuzwa kwa sauti kubwa isiyo ya lazima. Mama alipotoka, palikuwa na chupa ya maziwa. Akaiinua kwenye mwanga. "Nusu? Ananifanya mtoto?" Akaiacha pale pale, akarudi ndani. Tulipotoka tena, chupa ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

Walijua kutukanana kwa njia hiyo. Siku Mama Jebet alipoleta maziwa yenye maji, kesho yake mama aliweka kitunguu kimoja, katikati, juu ya jani, kama zawadi ya harusi. Siku iliyofuata tulipata maziwa mazito ajabu, na juu ya chupa kulikuwa na jani lile lile, limeoshwa.

Majirani waliona, wakaiga. Ua wote ule mpaka barabara ya kwenda Soy ukawa na vitu chini ya nguzo: maharagwe, mayai kwenye kofia, mkungu wa ndizi. Vifuniko vya sufuria vikawa vinalia kila asubuhi. Watu ambao walikuwa na kesi za mipaka, watu waliokosana kwa mahari, wote wakawa wateja. Mwalimu alipita hapo na mwavuli wake akitembea polepole, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayepita mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Aliyeharibu ni kijana mmoja wa chama, aliyetoka Kimumu kutembelea shangazi yake. Aliona watu wanagonga mabati, wanaweka vitu chini, wanakimbilia mahindini, hawasemi. Miaka hii mnajua ilivyo: watu wakikutana bila kibali ni kosa, na watu wakikutana bila hata kukutana aliona ni kosa kubwa zaidi. Alienda moja kwa moja kwa chifu. Alisema Kiplombe kuna kikundi cha siri, kina ishara za sufuria, na kiongozi wake ni mwalimu mwenye mwavuli wa kiangazi.

Chifu aliita baraza uwanjani kwetu shuleni. Wazazi walikaa kwenye nyasi, sisi watoto tukasimama nyuma. Mwalimu aliitwa mbele, na Mwalimu Mkuu akasimama kando yake akijifuta jasho ingawa upepo ulikuwa wa baridi.

"Mwalimu," chifu alisema, "naambiwa watu wangu wanafuata sheria za Ghana."

"Ghana ya zamani, Mzee. Ile himaya ilishaisha."

"Iliisha kwa nini?"

Mwalimu alifungua mdomo. Sisi wanafunzi tulijua jibu, alikuwa ametufundisha: wakubwa kujisahau, mikoa kuchoka kutoa kodi. Mwalimu Mkuu alianza kukohoa. Alikohoa kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki, akamkanyaga Mwalimu mguu mbele ya watu wote.

"Ukame, Mzee," Mwalimu akasema.

"Ukame," chifu akarudia, akionekana kuridhika. "Na huko kuuziana bila kusema, walikuwa wanaficha nini?"

Hapo Mwalimu alipaswa kusema hakuna. Lakini kumuuliza Mwalimu habari ya Ghana ni kama kufungulia ndama mlango. Alieleza chumvi, alieleza msitu, akaonyesha kwa mikono jinsi bamba la chumvi lilivyofungwa kwenye ngamia. Akafika kwenye kola za mbwa. Chifu alikuwa ameegemea fimbo yake, mdomo wazi kidogo. "Dhahabu halisi?" akauliza. "Halisi, Mzee." "Kwa mbwa!" Kisha akamwona kijana wa chama anamwangalia, akajikaza.

"Sasa sikia. Mimi sina shida na mbwa. Shida yangu ni siri. Nikiandika barua kwa ofisi ya elimu, wewe utapelekwa Lodwar. Huko kuna mchanga mwingi, utafundisha hayo mambo yako mpaka uchoke."

Sijawahi kuona mtu anabadilika hivyo. Huyu aliyetuimbia jangwa muhula mzima, aliposikia Lodwar, mwavuli ulimwanguka. Miguu ya suruali yake ikawa inatikisika. "Mzee," akasema kwa sauti ndogo, "kule kuna joto."

Wenzangu wawili walianza kucheka, kisha wakaona si mchezo.

"Kuna mtu wa kusimama hapa," chifu akauliza, "aseme kwamba huko kwenye ua hamkuwa mnapanga njama?"

Kimya. Watu walikuwa wamezoea kunyamaza kwenye biashara ile, na mbele ya chifu walizoea zaidi. Niliangalia chini. Ndipo nikasikia sauti ya mama yangu, na nikatamani ardhi inimeze.

"Njama na nani, Chifu? Na huyu?" Alikuwa amesimama, anamwonyesha Mama Jebet kwa kidevu. "Tangu ng'ombe wake amalize kabichi zangu, sijamwambia hata habari ya asubuhi. Mtu apange njama na mtu hata hamsalimii?"

Mama Jebet aliinuka taratibu, akajifunga leso. "Amalize? Alikula tatu. Na zilikuwa na wadudu."

"Wadudu! Kabichi zangu?"

"Ng'ombe wangu aliharisha."

"Aliharisha kwa ulafi!"

"Na geti nani aliliacha wazi? Sema mbele ya chifu. Nani aliliacha wazi?"

"Nililiacha wazi kwa sababu ulikuwa unakuja kuazima jiko! Uje upite! Nilikuwa nakungoja!"

Hapo Mama Jebet alifungua leso akaifunga tena. "Sikujua ulikuwa unaningoja," akasema. Halafu akakumbuka. "Lakini kile kitunguu! Chifu, kitunguu kimoja, kwa chupa nzima!"

"Ya maji!"

"Ya mvua! Mvua iliingia kwenye chupa!"

Baraza lote lilikuwa linacheka sasa, wazee wakishikana mabega. Na wengine nao walianza: mmoja akadai mayai yaliyooza, mwingine akasema ndizi zake zilichukuliwa na nyani, na mwingine akajibu huyo nyani alivaa kofia. Chifu aligonga fimbo chini mpaka ikachimba shimo.

"Kimya! Kimya nyinyi!" Akamgeukia kijana wa chama. "Hawa ndio kikundi chako cha siri? Hawa hawawezi kupanga hata harambee ya choo."

Kisha akatoa hukumu. Barua haitaandikwa. Lakini kuanzia siku hiyo, mtu anayetaka kabichi aseme kabichi, kwa mdomo, hadharani.

Ndivyo soko la kimya lilivyokufa. Mama na Mama Jebet, wakishaanza kuongea, hawakunyamaza tena. Waliegemea nguzo ile mpaka maharagwe yakaungua pande zote mbili za ua. Mwalimu alipita, akawatazama, akatikisa kichwa. "Himaya yangu imeanguka," alituambia darasani. Kiprono akauliza sababu, ili aandike. Mwalimu akasema, "Andika: kusalimiana."

Mwaka uliofuata, kwenye gwaride la asubuhi, Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba Mwalimu anatuacha. Ameomba mwenyewe kuhama. Anakwenda Lodwar.

Nilipeleka habari nyumbani. Mama alikuwa uani na Mama Jebet. Waliniangalia kama nimewatukana.

"Ameomba?" mama akasema. "Kwa mkono wake?"

"Tumegombana mbele ya watu wote tumwokoe," Mama Jebet akasema, "nimesema hadharani ng'ombe wangu aliharisha, halafu ameomba?"

Siku aliyokuja kuaga, mama alimpa chai bila kukaa naye. Hiyo, kwa mama, ni adhabu kubwa.

Nilimwona tena Desemba iliyopita. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka moja hapa mjini. Mtu mwembamba, amekuwa mweusi kuliko zamani, aliweka shati mbele yangu na kuniambia kola imeliwa na ngamia. Niliijua sauti kabla ya kuinua macho. Alikuwa bado anaongea. Aliongea habari ya ngamia wakati wote nilipokuwa natoa kola: kwamba alitufundisha ngamia ni mpole, na kwamba alitudanganya bila kujua, na kwamba angependa kutuomba msamaha darasa zima.

Nilipata ujasiri kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye sindano. "Mwalimu," nikasema, "kwa nini ulienda?"

Alinyamaza. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia ananyamaza.

"Mliniona nikitetemeka," akasema. "Nyinyi watoto. Niliwaambia jangwa ni mahali ambapo watu waliamka, wakapika, wakachekesha watoto wao. Halafu nilipotajiwa jangwa, nikaogopa kama mtu asiyeamini alichofundisha. Nilikaa mwaka mzima nikiwaona mnanitazama."

"Hatukukutazama hivyo, Mwalimu."

"Mimi nilijitazama." Akacheka. "Kichwa kiliuma mwezi mzima. Halafu kikaacha. Nilipewa nafasi ya kurudi huku kwenu Uasin Gishu, nikakataa."

Akaniambia sasa watoto wake wa Lodwar ndio wanamsumbua. Wamechoka na Ghana, wanataka huku kwetu. Amewaambia kuna mahali watu wanavaa sweta kanisani, wanakatia ng'ombe nyasi na kumpelekea mdomoni kama mgonjwa, na asubuhi ukungu unafunika nyumba ya jirani. Wanacheka mpaka wanalala chini. Wanadhani ni himaya ya zamani iliyobuniwa. Na wanamuuliza maswali ambayo amesahau majibu.

"Niandikie," akasema. "Mambo ya kawaida tu."

"Mwalimu, mimi naandika polepole."

"Wao wako darasa la nne. Wana muda."

Alivaa shati lake, akaenda stendi. Nimeandika tangu wakati huo, kila nikikosa kazi. Nimegundua najua kichochoro chetu tu. Sijui watu wa Soy wanafanya nini mvua ikikatiza mavuno. Sijui huko Kimumu nani anaamka wa kwanza na anagonga mlango wa nani. Nyinyi mnaosoma, nawaomba mnijibu. Niambieni mnavyohifadhi maziwa, mnavyoanika nguo wakati wa ukungu, mnavyomwita mtoto aliyepotelea mahindini. Msiandike habari za wakubwa. Nitazikusanya zote na kumpelekea. Na kama kuna mtu ameokota barafu kubwa uani mwake, tafadhali aeleze ilikuwa kubwa kiasi gani na ilichukua muda gani kuyeyuka mkononi, kwa sababu kule kuna mtoto wa kike amekataa kabisa kwamba mvua inaweza kuanguka ikiwa mawe, na Mwalimu anasema hataendelea na somo mpaka mtoto huyo aamini.